"Mhudumu anaandika..." dakika 41, halafu eti MIMI ndiye sikujibu!

Wakuu, naandika hapa mikono inatetemeka. Jina sitaji, mnawajua, wale wa intaneti ya nyumbani wenye tangazo la familia inacheka sebuleni.

Intaneti imekata tangu jana jioni, na juzi tu nimelipia mwezi mzima. Ukipiga simu inaimba muziki, mwisho inakwambia ingia kwenye chati ya tovuti. Nikaingia kwa bando la simu, hela yangu nyingine hiyo. Saa 3:12 asubuhi nikaeleza shida yangu. Kitone cha kijani kinawaka, chini yake "Mhudumu anaandika..." na zile nukta tatu zinarukaruka kama maharage jikoni. Nikasema leo nimepata mtu.

Nikapiga mswaki, zinaruka. Nikaosha vyombo vya jana, zinaruka. Mtu wa dakika 41 anaandika nini, katiba mpya? Kila kioo kikitaka kuzima nakigusa kwa ncha ya kidole, naogopa nisije nikampotezea maandishi yake. Saa 3:53 nukta zikapotea. Moyo ukanipasuka kwa furaha. Ikaja: "Mazungumzo yamefungwa kwa sababu hukujibu."

HUKUJIBU! Nijibu nini na yeye hajatia neno? Bora angenitukana nikajua moja.

Kisamvu cha Nazi: Dakika 41 unakodolea nukta? Mkuu huna kazi. Ungeshaenda ofisini kwao ukarudi.

Mleta uzi: Ofisi iko Posta, mimi niko Chanika, nauli utatoa wewe? Narudia: HUKUJIBU. Mimi!

Siti ya Dirishani: Hahaha "nisije nikampotezea maandishi yake". Nimecheka mpaka konda kaniangalia.

Fundi Waya: Natengeneza hivi vitu. Hakuna aliyekuwa anaandika, mkuu. Mhudumu akigusa kibodi, kivinjari chake kinaituma taarifa "ameanza" kwa seva, seva inakuletea wewe. Fundi mvivu anasubiri ije nyingine ya "ameacha". Sasa umeme ukikatika au akafunga kompyuta akaenda chai, hiyo ya kuacha haiji. Nukta zitacheza mpaka kiama. Inatakiwa upande wako zijifute zenyewe zikikosa taarifa mpya kwa sekunde chache. Telegram boti ikionyesha "anaandika", ndani ya sekunde 5 inafutika, labda itume tena.

Mleta uzi: Kwa hiyo nilikuwa nasubiri kiti kitupu? Na kiti kitupu kikaniambia sikujibu??

Kisamvu cha Nazi: Na ukakioshea vyombo.

Bibi Harusi Mtarajiwa: Na kile kitone cha kijani je?

Fundi Waya: Ndio huohuo ugonjwa. Seva inatakiwa kupiga hodi kila baada ya muda, isipoitikiwa ikuandike umetoka. Socket.IO, programu ya kuunganisha chati na seva, ukiiacha ilivyo inapiga hodi kila sekunde 25, inasubiri jibu sekunde 20. Ukitegemea kivinjari kikuage wakati wa kufunga, kwenye simu umeliwa, mara nyingi hakiagi.

Mpemba wa Bara: Hapo kwenye kijani mmenigusa. Chati ya kazini kwetu nafungua tabu tatu za kivinjari. Nikifunga moja tu inaonyesha nimeondoka! Bosi ananiita: "Saa nne ulikuwa wapi?" Nilikuwa kwenye kiti, bosi, nakuona!

Fundi Waya: Hawahesabu tabu. Mtu anatoka ikifungwa ya mwisho, siyo ya kwanza.

Mpemba wa Bara: Nimwambie hivyo bosi? Barua ya onyo imeshaandikwa.

Mleta uzi: Jamani uzi wangu. Dakika 41!

Baba Wawili: Afadhali nyie mnaonekana mmetoka. Mimi kompyuta ya ofisini niliiacha wazi kwenye chati, kijani kikawaka usiku kucha. Wife naye ana akaunti kwenye chati hiyohiyo, yeye na wenzake wanauza mikoba. Saa nane usiku nakoroma pembeni yake, kaniamsha: "Unachati na nani?" Simu iko chini ya mto wake yeye!

Bibi Harusi Mtarajiwa: Ehe, ukamjibu nini?

Siti ya Dirishani: Hebu sogeeni tumsikie Baba Wawili.

Baba Wawili: Nikamwambia ni kompyuta. Akauliza kompyuta ina jina gani.