Hoteli za Lamu na bei za kutazamana usoni: tutavumilia mpaka lini?

Wadau wa Amu, na nyote mnaopanga kuja, salaam. Nina hasira na sitazunguka. Hoteli zetu ndogo, zile za meza za plastiki na feni la dari, ambazo bibi na bwana wenye bajeti ya Sh 1,500 kwa siku ndizo wanazozitegemea, zinauza chakula kisicho na bei. Ubao hakuna, karatasi mezani hakuna. Unaagiza, unakula, unanawa, halafu mhudumu anakutazama uso, anasikiliza lafudhi yako, ndipo anataja hesabu. Mtu wa Langoni, mtaa wa hapa mjini, ana bei yake, mtu wa Nakuru ana yake, Mwitaliano aliyepanda kutoka Malindi ana yake, na wote watatu wamepakuliwa wali uleule kwenye sufuria moja.

Najua mtasema bei ya mgeni iko kila mahali duniani. Hiyo si hoja. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza kumtoza mteja ada ambazo hakujulishwa kabla ya kutozwa. Chaki na kipande cha mbao vinagharimu nini? Bei ikipanda leo, unafuta unaandika nyingine. Msimu wa kusi bahari inachafuka, mashua hazitoki, samaki anapanda bei, na hakuna mwenye akili atakayekulaumu kwa kuandika bei ya juu. Tunachokulaumu ni kuificha.

Tuanze na samaki maana hapo ndipo watu wanapochinjwa. Utaambiwa "samaki ni kwa kilo" na hutaona mizani. Atakuja changu au tewa kwenye sinia, keshachomwa, na utaambiwa alikuwa kilo moja na nusu. Utajuaje? Huwezi kujua, kwa sababu samaki akishatolewa matumbo, matamvua na magamba hupungua gramu 100 hadi 200 kwa kila kilo, na akikaa juu ya makaa hupoteza maji tena. Kwa hiyo kumpima baada ya kupikwa hakusaidii kitu. Mambo yote yafanywe akiwa mbichi, mbele yako. Kama ni mizani ya kuning'iniza, tazama mshale uko kwenye sifuri kabla samaki hajatundikwa. Kama ni ya mezani, karai litolewe au uzito wake uondolewe kwanza. Samaki apanguswe maji na barafu. Uliza swali moja tu: bei ya kilo ni kabla ya kutolewa matumbo au baada? Bei zote mbili ni halali mradi mmekubaliana. Na mizani ya biashara inatakiwa iwe na muhuri wa maafisa wa vipimo. Isiyo na muhuri ikatae.

Hapohapo mpekue matamvua. Yawe mekundu, si ya kahawia. Jicho liwe limetuna na linang'aa, na nyama ukiibonyeza kwa kidole irudi. Aliyekaa sana kwenye friza ukimchoma huachia maji mengi kwenye sinia na nyama yake inakuwa kavu, inatoka nyuzinyuzi kama pamba. Kama ni wa friza mwambie mteja ni wa friza na upunguze bei, basi, hakuna ugomvi.

Kwa watu wawili samaki wa kilo moja anatosha kabisa. Baada ya kichwa, mifupa na ngozi utabaki na takriban gramu 400 za nyama, yaani 200 kwa kila mtu, pamoja na wali na kachumbari. Mhudumu anayekushawishi uchukue wa kilo mbili "ili mshibe" anakuongezea hesabu. Kamba ndio usiseme: wenye vichwa na maganda, ukishawamenya hubaki kama nusu ya uzito, kwa hiyo kilo ya kamba si kilo ya chakula.

Sasa tazameni hesabu inavyofanywa. Tuseme kilo ni Sh 1,000. Samaki halisi ni kilo moja na gramu 100, yaani Sh 1,100. Ameandikwa kilo moja na nusu: Sh 1,500. Kisha inawekwa "VAT", kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, Sh 240. Kisha "huduma" ya asilimia 10, Sh 150. Jumla Sh 1,890. Yaani Sh 790 zimeruka juu ya kitoweo kimoja, na bajeti ya siku nzima ya watu wawili imekufa kabla hawajanywa chai.

Hiyo VAT ndiyo inayonichoma zaidi. Biashara inayotakiwa kujisajili kwa VAT ni ile yenye mauzo ya Sh milioni 5 kwa mwaka au zaidi. Kama hujasajiliwa, huna ruhusa ya kumkata mtu hata senti moja kwa jina hilo. Kama umesajiliwa, toa risiti ya eTIMS, mfumo wa risiti wa KRA, mamlaka ya kodi, yenye PIN (namba ya mlipakodi) ya biashara na ile alama ya mraba ya kuskani, ili mteja aihakiki kwa simu yake papo hapo. Karatasi ya daftari iliyoandikwa "VAT 240" kwa kalamu ya wino si risiti ya kodi, ni wizi unaotumia jina la serikali. Mteja, ukiletewa hiyo, sema kwa upole: "Kaka, nitolee ya eTIMS nami nitalipa." Mara nyingi ile 240 itafutwa hapohapo. Isipofutwa, piga picha karatasi na uipeleke KRA.

Halafu kuna simu. Hoteli ina namba ya Lipa na M-Pesa, imebandikwa ukutani, lakini unaambiwa "hiyo haifanyi kazi leo, tuma kwa hii namba yangu, na uongeze ya kutoa". Ukilipa kwa hiyo namba ya hoteli, ya Buy Goods, mteja hakatwi kitu. Ukituma kwa namba ya mtu unakatwa ya kutuma, unaongezwa ya kutoa, na ushahidi wa kwamba ulilipa hoteli umepotea, maana jina litakalotokea ni la mtu binafsi. Kukitokea ubishi huna pa kushika. Kama Lipa na M-Pesa "haifanyi kazi", lipa taslimu, na noti ndogo uwe nazo kabla ya kukaa, maana "chenji hakuna" nayo ni mtego wa kila siku.

Tuingie jikoni, kwenye nazi. Samaki wa kupaka ndiye anayewaleta watu huku, na ndiye tunayemharibu. Anavyotakiwa: samaki wa kilo anapigwa mikato, anapakwa chumvi, kitunguu thomu, tangawizi, pilipili na ndimu, anachomwa nusu. Pembeni, tui zito la nazi mbili linapikwa na bizari ya manjano, pilipili na ukwaju au ndimu, moto mdogo, huku linakorogwa bila kuachwa, kwa sababu likichemka bila mwiko linakatika: mafuta juu, maji chini. Likishakuwa zito samaki anarudi kwenye makaa na anapakwa, anageuzwa, anapakwa tena, mpaka tui linashika ngozi na kuanza kuungua kidogo pembezoni. Kazi hiyo haipungui nusu saa.

Wanachouza wengi siku hizi ni samaki aliyekaangwa asubuhi, amepashwa moto, amemwagiwa uji wa njano. Tui jepesi la mkamuo wa pili au wa tatu, unga wa ngano kijiko, rangi. Kumtambua ni rahisi. Mchuzi wa tui halisi ukitulia kwenye sahani huonyesha vitone vya mafuta na huwa na chembe ndogo ndogo. Wa unga unang'aa laini, ukipoa unafunga utando juu, na ukiuburuta kwa kijiko unafuatana kama gundi. Tazama pia ngozi: kama hakuna alama ya makaa, huyo hakupakwa, amemwagiwa. Na kama aliletwa dakika 10 baada ya kuagizwa, mshajua.

Nazi imepanda bei, ndiyo. Kukuna na kukamua ni kazi ya mikono, ndiyo. Basi andika "samaki wa kukaanga" uuze kwa bei ya wa kukaanga. Kumuuzia mtu uji kwa jina la kupaka ni kuua jina la chakula ambacho mama zetu walikipigania.

Mafuta ya kukaangia nayo. Yakishakuwa meusi, yakitoa povu lisiloisha na moshi kabla viazi havijaingia, yamekwisha. Mahamri ya mafuta hayo huwa na ladha kali kooni na rangi nyeusi nyeusi hata kama ndani unga ni mbichi. Msinunue.

Na wali uliopikwa saa tano mchana ukaachwa kwenye sufuria vuguvugu mpaka usiku, uogopeni. Bakteria wa wali huacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Uwe juu ya makaa, moto wa kweli, au uwe kwenye friji. Ukija wa vuguvugu saa mbili usiku, chukua chapati.

Hapa kuna jambo la wanandoa hasa. Watu wawili wakiomba sahani moja na kijiko cha pili wanaambiwa "hapa kila mtu na sahani yake" au wanatozwa "ya sahani". Jamani! Kilo moja ya mchele kwa nazi mbili hutoa takriban kilo mbili na nusu za wali, yaani sahani sita za gramu 400. Gharama yako unaijua kwa kila sahani, basi nusu sahani unaweza kuipigia bei bila hasara yoyote. Hoteli zenye "nusu" kwenye ubao zinajaa. Wenzi wanaojua kula wataagiza biriani moja, mbaazi za nazi, na chapati mbili, wanachanganya, wanashiba, kesho wanarudi. Ukiwafukuza kwa ajili ya sahani tupu umepoteza wateja wa wiki nzima.

Kisha kuna vijana wanaowafuata wageni kuanzia gatini. "Twende kwa mama, chakula cha nyumbani." Chakula cha nyumbani kipo na ni kizuri, lakini utaratibu wa kudai pesa za kununua kamba mchana, halafu jioni mtu haonekani, unatuaibisha kisiwa kizima. Wageni: msitoe pesa mbele. Mwende mchana muione nyumba, mzungumze na anayepika mwenyewe, mkubaliane vyakula na bei kwa kichwa, mlipe baada ya kula. Na mkiingia hotelini mkiwa na kijana mbele yenu, jueni kamisheni yake imo kwenye bili. Ingieni wenyewe.

Haya yote yanaudhi zaidi kwa sababu chakula rahisi cha kweli hapa kipo na hakina udanganyifu. Asubuhi mahamri na mbaazi, bei unatajiwa kabla ya kufungiwa. Viazi karai na ukwaju. Mkate wa mofa unaotoka kwenye tanuri, unahesabiwa mmoja mmoja. Jioni mishkaki, unalipia vijiti ulivyokula. Wanaouza hivi wengi hawana hata paa, lakini bei yao ni moja kwa kila uso. Mwenye hoteli ya matofali anashindwa nini?

Ramadhani mchana msitegemee hoteli za mjini, nyingi zimefungwa na ni haki yao. Ngojeni magharibi.

NYONGEZA kwa waliouliza kuhusu Shela, kijiji cha jirani hapa kisiwani: bei za kule ni nyingine na si mahali pa bajeti hii, ila kama mnataka kwenda kula, gharama iliyofichika ni mashua. Kwa miguu kutoka mjini ni kama kilomita 3, dakika 40 hadi 45, lakini maji yakijaa sehemu ya njia ya ufukweni inafunikwa. Angalieni maji kabla ya kuondoka. Usiku mashua ya kushirikiana ni haba, mtakodishiwa nzima, kwa hiyo bei ya kurudi ipatane kabla hamjaagiza chakula, si mkiwa mmesimama gizani.

Kuhusu sharubati na barafu: maji ya mji huu yanatoka visima vya vilima vya mchanga vya Shela, na si kila hoteli inayachemsha. Ulizeni barafu imetengenezwa kwa maji gani. Jibu likiwa la kusitasita, kunyweni ukwaju bila barafu ikiwa maji yake yamechemshwa, au chukueni soda.

Sasa nataka tufanye kazi. Kila anayejua hoteli yenye ubao wa bei atie picha ya ubao hapa, aandike mtaa, tarehe, na kama wanauza nusu sahani. Namba za simu za watu msiweke. Walioletewa karatasi ya "VAT" bila eTIMS, tieni picha, ficheni majina, tuone hesabu zilivyopigwa.