Neti ipo ila malaria haiishi, Mabogini

mama_wawili: Jamani nipo Mabogini huku Moshi, jirani na majaruba ya mpunga, mwanangu wa miaka 4 malaria mara ya pili toka tupande mpunga na neti analalia, imetoboka tu upande wa kichwa nikafunga fundo, sasa shida nini?

mkulima_wa_chini: Dada mbu wa huku hawasubiri ulale, giza likiingia tu wanauma mkiwa nje mnapika na wanajificha mpaka zizini. Mvalishe mikono mirefu, tundu shona.

nesi_moshi: Pole mama. Dawa mseto ya malaria alimaliza siku 3? Wengi mtoto akianza kucheza wanaacha.

mama_wawili: Mungu wangu, vidonge vinne viko kabatini.

nesi_moshi: Usimpe hivyo, mpeleke akapimwe leo leo.