Dekali za kuchapa mwenyewe kwa inkijeti: wino unachuja majini, na njano inapotea juu ya kijani

tumbiri48

Habari za humu wakuu. Nina ndege ya mfano ya skeli 1/48 (ndogo mara 48 kuliko halisi) iliyopakwa kijani iliyokolea, na dekali (picha na maandishi ya kubandika, yaliyo kwenye utando mwembamba) zilizokuja kwenye boksi si za ndege ninayoitaka. Nataka kuchapa mwenyewe: herufi kubwa za njano ubavuni, nembo ndogo ya rangi tatu chini ya dirisha la rubani, na maandishi madogo ya tahadhari kwenye mabawa. Printa ni inkijeti ya kawaida, ile inayorusha matone ya wino, ya rangi nne. Karatasi ni ya dekali za maji (zinalowekwa ndipo utando uteleze kutoka kwenye karatasi), ya inkijeti, utando wake hauna rangi.

Kipande cha majaribio kimeonyesha mambo matatu. Kikiingia majini wino unachuja kuanzia pembeni kuelekea ndani, ingawa kimepulizwa vanishi mara mbili. Njano ikikaa juu ya kijani haionekani, inabaki kivuli tu. Na juu ya mistari ya maungio utando haulali, chini yake kuna weupe unaong'aa kama fedha. Nirekebishe wapi, na nianze na lipi?

rula_ya_chuma

Mkuu, tuanze na kuchuja. Wino wa printa nyingi za nyumbani hata ukikauka vipi, maji yakiufikia unayeyuka tena. Kinachoukinga ni vanishi peke yake. Sasa soma dalili: ukichuja katikati ya herufi, vanishi ni nyembamba au ina matundu. Ukichuja kuanzia pembeni kama wako, uso umezibwa vizuri ila ukingo uko wazi, kwa sababu kisu kimepita juu ya rangi yenyewe na kufungua tabaka la wino ubavuni.

Kwa utando usio na rangi, acha nusu milimita hadi milimita moja ya utando mtupu kuzunguka picha. Mahali ambapo huwezi kuacha, kata kwanza, kisha puliza vanishi kidogo kwenye kifuniko cha kopo, chovya brashi nyembamba, na uipitishe kwenye ukingo wote. Ipe saa moja ndipo uende kwenye maji.

Vanishi yenyewe: tumia ya kopo, akriliki yenye kiyeyushi, ya kung'aa. Ya maji usiiguse katika hatua hii. Kuipaka kwa brashi moja kwa moja juu ya wino ni sawa na kuulowesha, brashi itauburuta wote.

Karatasi ikitoka kwenye printa iache imelala kifudifudi? Hapana, uso juu, mahali pasipo vumbi, usiku kucha. Kama kuna maeneo mapana yaliyojaa rangi, mpe saa 24 kamili. Unyevu ukifungiwa chini ya vanishi lazima utafute pa kutokea, na hapo ndipo malengelenge na nyufa za uzi zinapojitokeza. Halafu ibane karatasi kwa tepu juu ya kadibodi, simama sentimita 25 hadi 30, anza kupuliza nje ya karatasi, pita juu yake, malizia nje. Mkupuo wa kwanza na wa pili uwe ukungu tu, uso usilowe hata kidogo. Ukilowa, wino unaogelea. Wa tatu ndio unaoweza kuwa mzito kiasi cha uso kung'aa. Dakika 15 hadi 20 kati ya mkupuo na mkupuo, kisha saa 24 kabla ya kukata.

Hata hivyo mikupuo miwili ya ukungu haizibi vya kutosha, kwa hiyo hesabu yako ilikuwa pungufu hata bila tatizo la ukingo. Lakini usipite minne. Utando ukinenepa unakakamaa, haukubali mikunjo ya mwili wa ndege, na ukingo wake utaonekana hata baada ya vanishi ya mwisho.

Kingine: chapa mraba wa sentimita moja wenye rangi zote kwenye kona ya kila karatasi. Baada ya vanishi kukauka, ukate, uzibe ukingo, uache majini dakika mbili. Maji yakibaki meupe, endelea. Yakipata rangi, ongeza mkupuo. Inagharimu sentimita moja ya karatasi, na inaokoa karatasi nzima.

KusiMashariki

Suala la njano halihusiani na vanishi wala mipangilio. Wino wa inkijeti unapitisha mwanga, na printa haina wino mweupe. Ikikuta sehemu nyeupe kwenye faili haichapi kitu, inategemea weupe wa karatasi. Kwenye utando usio na rangi, nyeupe yako ni rangi ya ndege iliyo chini. Njano juu ya kijani inazaa kijani tu. Nyeusi ndiyo pekee inayosalimika kirahisi juu ya rangi iliyokolea kiasi.

(Zilikuwepo printa za Alps za mfululizo wa MD zilizotumia utepe na kuchapa nyeupe na hata rangi za metali. Hazitengenezwi tena, kwa hiyo tuache.)

Kwa herufi kubwa za njano, ushauri wangu ni kuacha kabisa dekali. Chapa herufi kwenye karatasi ya kawaida, ibandike juu ya tepu ya kufunikia, kata kwa kisu kipya, upake nyeupe kwanza na njano juu yake. Herufi za rangi moja zenye kingo zilizonyooka zinatoka safi kuliko dekali yoyote ya nyumbani, na hakuna utando wa kuficha.

Nembo ya rangi tatu ndiyo inayostahili printa. Hapo una njia mbili. Ya kwanza, chukua karatasi yenye utando mweupe, chapa nembo, kata sawasawa na mstari wa nje. Ubaya wake ni uzi mweupe unaobaki ubavuni mwa utando, hata kisu kiwe kikali namna gani. Utie kwa ncha ya brashi rangi ileile ya mstari wa nje wa nembo, kabla ya kuzamisha. Kwa hiyo ukichora nembo, izungushie mstari mmoja mweusi. Kuugusia nyeusi ni rahisi kuliko kulinganisha nyekundu.

Ya pili, baki na utando usio na rangi, lakini weka nyeupe chini yake. Ama upake doa jeupe kwenye ndege kwa kutumia kiolezo, ama ukate umbo kutoka karatasi nyeupe ya dekali, ulibandike, ulipe saa 24, kisha nembo ikae juu. Umbo jeupe liwe dogo kuliko nembo kwa takriban robo milimita kila upande. Likilingana kabisa, mkono ukiteleza kidogo tu nyeupe inachungulia. Njia hii inatoa rangi zenye nguvu lakini unene ni wa tando mbili. Kwa nembo iliyo chini ya dirisha la rubani, mahali ambapo jicho linafika kwanza, mimi ningekata kwenye karatasi nyeupe.

nusu_milimita

Hayo yote yatafanya kazi kama ukubwa uko sahihi, na watu wengi hukosea hapa bila kujua. Chukua kipimo halisi kwa milimita, gawa kwa skeli. Herufi ya inchi 24 ni milimita 610. Kwenye 1/48 inakuwa 12.7, kwenye 1/72 inakuwa 8.5. Chora kwa vekta (mistari isiyoharibika ukibadilisha ukubwa), programu ya Inkscape inatosha, na uandike kipimo kwa milimita badala ya kukivuta kwa panya hadi "kionekane sawa". Kama lazima utumie picha ya pikseli, iwe 600 dpi (nukta kwa inchi) kwa ukubwa wa mwisho.

Wakati wa kuchapa, weka asilimia 100 na uzime chaguo la kutosheleza ukurasa. Chaguo hilo hupunguza asilimia chache kimyakimya, nawe unagundua nembo imeshakauka kwenye ndege. Usigeuze picha kama kioo. Dekali za maji zinateleza kutoka kwenye karatasi zikiwa zimetazama juu vilevile zilivyochapwa. Chapa kwanza kwenye karatasi ya kawaida, kata, ishike juu ya ndege. Ikikubali, ndipo uweke karatasi ya dekali.

Maandishi ya tahadhari: usitegemee miujiza. Herufi yenye urefu wa milimita 25 kwenye bawa halisi ni nusu milimita kwenye 1/48. Kwa 300 dpi hiyo ni pikseli sita kwenda juu, kwa 600 ni kumi na mbili. Sita hazitoshi kuchora "E" ikasomeka, na wino nao unatanuka kidogo ukitua kwenye utando. Chini ya urefu huo chora vistari vinavyofuata mpangilio wa maneno tu, jicho litakubali.

tumbiri48

Nimewaelewa wakuu. Maandishi hayo madogo ni meusi. Nikichagua karatasi ya picha kwenye mipangilio, nyeusi inatoka kama kahawia iliyokolea. Nikichagua karatasi ya kawaida inatoka nyeusi tii lakini inapakaa kidole hata kesho yake. Nichague ipi? Na ule weupe wa fedha je?

nusu_milimita

Printa yako bila shaka ina nyeusi ya pigmenti (chembe za rangi zisizoyeyuka) na rangi tatu za wino unaoyeyuka. Ukiiambia karatasi ni ya picha, printa nyingi za aina hiyo huweka nyeusi ya pigmenti kando na kuchanganya nyeusi kutoka kwenye rangi tatu, ndiyo maana unaona kahawia. Ukiiambia ni karatasi ya kawaida inatumia pigmenti, ambayo inakaa juu ya utando badala ya kuingia ndani, kwa hiyo inapakaa mpaka vanishi iishike.

Kwa maandishi membamba chukua ya kawaida, ubora wa juu, na usiguse uso mpaka baada ya mkupuo wa pili. Nyeusi iliyochanganywa ina shida nyingine pia: matone ya rangi tatu hayatui mahali pamoja kabisa, na kwenye herufi ya nusu milimita kupishana huko kunatosha kuifanya ivimbe. Kwa nembo yenye rangi chagua karatasi ya picha. Ukiona wino unakusanyika kuwa vidimbwi juu ya utando, shusha ubora hatua moja, maana karatasi imeshindwa kumeza kiasi hicho. Vitu hivyo viwili vichape kwenye vipande tofauti, usilazimishe mpangilio mmoja.

Na hakikisha karatasi imeandikwa ni ya inkijeti. Ya leza haimezi wino, utabaki na matone. Kinyume chake ni hatari zaidi: ya inkijeti ikiingia kwenye printa ya leza, utando unaweza kuyeyuka na kuganda kwenye rola la moto.

rula_ya_chuma

Weupe wa fedha ni hewa iliyonaswa. Rangi isiyong'aa ina vijitundu na vilima vidogo, utando unalala juu ya vilima, hewa inabaki chini. Kabla ya dekali yoyote, ndege nzima au angalau eneo lile lipate vanishi ya kung'aa mpaka uone taa ikijiakisi ndani yake bila kuvunjikavunjika. Rangi isiyong'aa utairudisha mwishoni.

Kumbuka pia dekali za kiwandani zina utando pale penye picha tu. Karatasi yako imefunikwa yote, kwa hiyo kila kilicho katikati ya maneno mawili nacho ni utando. Usikate sentensi nzima kama kipande kirefu kama inaweza kugawanywa.

Kubandika: maji ya uvuguvugu, zamisha sekunde 10 hadi 15, toa, laza juu ya taulo la karatasi lililolowa, subiri dakika moja au mbili. Usiiache ikielea hadi ijitenge. Gundi inabaki majini, na wino unapewa muda zaidi wa kutafuta upenyo. Lowesha mahali pake kwenye ndege, ikifika igusie ncha ya karatasi na uitelezeshe kwa brashi, usiivute kwa kibano. Maji yatoe kwa pamba au sponji, kutoka katikati kwenda pembeni.

Kulainisha, yaani vimiminika vinavyofanya dekali ilale kwenye umbo la ndege: Micro Set inatangulia chini, Micro Sol inafuata juu, na Mr. Mark Softer ni ya jamii hiyohiyo ya pili. Lakini kwenye dekali ya nyumbani inayolainishwa ni vanishi uliyopuliza, na kila vanishi ina tabia yake. Nyingine haihisi kitu, nyingine inageuka uji na kuondoka na wino. Ule mraba wa kona ukishafaulu mtihani wa maji, ubandike kwenye plastiki chakavu na uutie tone moja la kilainishi. Ukikunjamana usiushike; mara nyingi unajinyoosha wenyewe ukikauka. Kwenye mstari wa maungio, ukishakauka, chana utando kwa ncha ya kisu kufuata mstari, tia tone jingine dogo.

KusiMashariki

Niongeze dogo: mtu asije akakushauri mashine ya kukaushia nywele ili kufupisha zile saa 24. Joto linaikunja karatasi, na uso unajifunga kabla ya chini kukauka.

Karatasi iliyobaki ikate mstari ulionyooka na uitunze imelala kwenye mfuko uliofungwa, mbali na unyevu. Kipande kidogo bado kinachapika: kibandike kwa tepu nyembamba juu ya karatasi ya kawaida, ukingo unaotangulia kuingia kwenye printa ukiwa umefunikwa wote na tepu, pembe za nyuma zikishikwa kidogo tu. Chapa kwanza kwenye karatasi hiyo ya kawaida ili uone picha inatua wapi, kisha bandika kipande juu ya alama hiyo na uirudishe kwenye printa kwa upande uleule.