Mrejesho: ule ukuta wa chumba cha bibi

Niliwauliza kuhusu ule ukuta kwenye nyumba ya bibi ninayoikarabati, ukigongwa unasikika kama uko wazi ndani, na fundi ninayempenda alikuwa hataki kabisa uguswe, wengi mkasema nimtilie shaka. Jana tumeubomoa. Plasta ya saruji iliyopigwa juu ya chokaa ya zamani ilifungia unyevu ikaachia, ndo ule mlio, ila nyuma yake kulikuwa na kidirisha kilichozibwa na ndani mkebe wa barua ambazo babu yake huyo fundi alimwandikia bibi yangu. Fundi akakaa chini akalia. Kumbe babu yake alishamwambia kuhusu hizo barua, akaogopa nikijua nitamkimbia. Jamani sijamkimbia. Tunazisoma pamoja, moja kila usiku, na ukuta tunaupiga chokaa tena.