Ushauri: niache ausbildung ya unesi niingie kwenye dokumentari hapa Ujerumani?

Mjukuu wa Peramiho: Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Niko Leipzig nasoma ausbildung ya unesi, yaani mafunzo ya kazi, nimebakiza mwaka wa mwisho. Hapa kila vuli kuna tamasha kubwa la filamu za dokumentari, lipo tangu 1955, nilijitolea pale kuelekeza wageni ndo nikajuana na mama mmoja wa Kijerumani, ni director na ndiye producer wa filamu zake mwenyewe. Kanichukua kumsaidia kwenye kazi ndogo ndogo wikiendi, sasa anataka niingie moja kwa moja kwenye filamu yake ya wamisionari wa Songea, halafu taratibu na mimi nijijenge niwe director. Shida ni kwamba filamu inaanza mapema mwakani na unesi hausubiri. Usingizi umepotea jamani. Hivi dokumentari huku inalipa mtu akaishi? Matusi hapana.

Mama Wawili Köln: Mdogo wangu maliza cheti. Kibali chako kimefungwa kwenye hayo mafunzo, ukiacha unatakiwa uwaarifu watu wa uhamiaji ndani ya wiki 2, na wakikuonea huruma wanakupa mpaka miezi 6 utafute nafasi nyingine. Ufrilansa, yaani kujiajiri, ni kibali kingine kabisa. Kwaya yetu ilikuwa na binti sauti kama malaika, akaacha unesi afuate mambo ya modo, leo ukimuuliza anaishi wapi anabadilisha mada. Mama yako nyumbani anajua haya?

Guide wa Karatu: Dada usitishwe. Mimi napandisha wageni Ngorongoro, pale ukingoni kuna kaburi la Michael Grzimek, kijana wa miaka 24, ndege yao yenye milia ya pundamilia iligongana na tai mzoga Januari 1959 wakiwa kwenye filamu ya Serengeti. Baba yake Bernhard hakuacha, akaimalizia, 1960 ikachukua Oscar. Na kazi yake yenyewe haikuwa filamu, alikuwa mkuu wa zoo ya Frankfurt. Wageni wa Kijerumani wakifika pale wengine wanalia kabisa, mmoja alinipa darubini yake mpaka leo ninayo, wazungu wakikupenda wamekupenda.

Kiboko ya Madeni: Sindano au kamera, vyote vinachoma tu 😂

Fundi Sauti Berlin: Nipo kwenye hii kazi muda mrefu, nijibu swali lenyewe. Dokumentari ya dakika 90 huku haianzi na kamera, inaanza na makaratasi. Producer anatafuta kwanza kituo cha TV, ARD, ZDF au Arte, mhariri wa kule akishakubali ndo anapeleka maombi kwenye mfuko wa filamu wa jimbo, kwenu Leipzig ni MDM, na mfuko nao unataka hela itumike kwao. Miaka inakatika hapo na director hana mshahara, wengi wanafundisha au wanapiga video za makampuni. Hata Werner Herzog, director mkubwa wa Kijerumani, alichomelea vyuma kiwandani usiku apate hela ya filamu zake za kwanza. Afadhali kuna Künstlersozialkasse, mfuko wa bima wa wasanii, frilansa wa sanaa anabaki na karibu nusu tu ya bima ya afya na pensheni, ila lazima kazi ya sanaa ikuingizie zaidi ya euro 3,900 kwa mwaka, anayeanza ndo wanamvumilia kidogo.

Sasa na wewe nijibu. Utaandikwa nani kwenye hiyo filamu? Ile ya mafuvu ya wazee wetu yaliyochukuliwa na Wajerumani enzi za ukoloni, iliyooneshwa tamasha la filamu la Berlin (Berlinale) 2024, waliongoza wawili, Agnes Lisa Wegner na Mtanzania mwenzetu Cece Mlay. Na huyo mama anakutaka wewe kwa lipi, wakati Ujerumani imejaa wanafunzi wa filamu?

Mjukuu wa Peramiho: Nitaandikwa msaidizi wa utafiti. Bibi yangu alifua na kupika kwa masista wa misheni ya Peramiho, kule Songea, tangu msichana, anayajua mengi ambayo hayapo kwenye kitabu chochote. Yeye ndiye mhusika mkuu.

Fundi Sauti Berlin: Bibi amekubali?

Mjukuu wa Peramiho: Atakubali.

Mama Wawili Köln: Umeulizwa AMEKUBALI, mdogo wangu.

Mjukuu wa Peramiho: Alisema hataki kamera. Ila director nimeshamwambia kwamba bibi yuko tayari, kwa sababu namjua bibi yangu, nikienda mwenyewe nikakaa naye jikoni hawezi kuninyima. Na msije mkasema natumia wazee, asipoongea sasa hivi yale mambo anaondoka nayo. Barua ya kuacha chuo nimeiandika, sijaipeleka tu. Naijua hii kazi ndo yangu.

Pilato Mstaafu: CHAI HII. Bibi wa misheni, mzungu mwema, barua iko mezani. Mtu anaandika script anatutumia sisi tumjazie wahusika. Mods fungeni uzi.

Guide wa Karatu: Kumbe chai? Na mimi nimetoa stori ya darubini yangu!

Fundi Sauti Berlin: Tulieni nimuulize kitu. Dada, mahojiano yakiisha, kabla hamjafungasha vifaa, mnafanya nini?

Mjukuu wa Peramiho: Tunachukua atmo. Wote mnasimama mlipo, hamna kupumua kwa nguvu, mtu wa sauti anarekodi ukimya wa chumba. Mara ya kwanza friji ilikuwa inanguruma, akaniambia nizime, nikaweka funguo zangu za nyumba ndani ya friji ili nisisahau kuiwasha tukiondoka.

Fundi Sauti Berlin: Si chai. Hiyo ya funguo hujaisoma popote, tunafanya wote. Basi sikia, jina la mhusika mkuu ndo linapelekwa kwa kituo na mfuko kwenye yale maombi, kabla hata kamera haijatoka kwenye boksi. Ikishaandikwa kwamba bibi amekubali na sivyo, anayeumia ni huyo mama na kampuni yake.

Mjukuu wa Peramiho: Nimempigia bibi asubuhi hii. Amesema ataongea, ila uso wake hautoki, sauti tu, na nimuulize mimi kwa Kingoni, mzungu akae nje. Filamu inaweza kwenda hivyo?

Fundi Sauti Berlin: Inaweza, tena vizuri, mnaonesha mikono yake akiruhusu, jiko, ile njia ya misheni. Ila ukiuliza wewe kwa Kingoni basi wewe si msaidizi wa utafiti tena, hilo liandikwe kwenye mkataba. Mpigie director leo hii umwambie hali halisi. Barua ya chuo iache ilipo.

Mama Wawili Köln: Na bibi mpelekee khanga.