Marapa wa Kusini mwa Marekani walizomewa New York mwaka 1995, na sisi huku Bongo bado tunawazomea. Mpaka lini?

Wakuu, hasira hii ninayo tangu Jumamosi usiku. Nimejaribu kunyamaza, nimeshindwa.

Kuna redio moja, siitaji, ilitangaza wiki nzima kwamba itapiga historia yote ya rap ya Marekani kwa saa mbili. Mimi ni fundi wa kufunga muziki kwenye magari hapa Arusha, kazi nimeifanya zaidi ya miaka 15. Siku ile nilifunga karakana mapema, nikawaambia vijana wangu wabaki tusikilize pamoja, wajifunze. Saa mbili zote ikawa New York na California tu: 2Pac, Biggie, Nas, 2Pac, Snoop, Jay-Z, 2Pac, Biggie. Dada mmoja akapiga simu kuomba OutKast, kundi la Kusini. Mtangazaji akamcheka hewani, akasema watu wa Kusini ni wa kucheza tu, kuchana hawajui, wanamumunya maneno. Nikapiga mimi. Nilichowahi kusema ni "ndugu mtangazaji, hapo umekosea," simu ikakatwa. Baada ya wimbo akawaambia wasikilizaji kwamba kuna mtoto wa juzi alitaka kumfundisha hip hop.

Nina miaka 44. Kanda ya ATLiens, albamu ya OutKast, niliinunua kwa hela ya kubeba matofali, nikaisikiliza mpaka utepe ukakatika, nikauunga kwa selotepu, nikaendelea kuisikiliza.

Kukatiwa simu naweza kusamehe. Kile kicheko ndicho kimenikaa rohoni, maana nakijua kilikoanzia.

Tarehe 3 Agosti 1995, New York, tuzo za jarida la hip hop la The Source. Huo ndio usiku ambao Suge Knight, bosi wa lebo ya Death Row ya Los Angeles, alipanda jukwaani akawasema Bad Boy, lebo ya New York, nyumbani kwao, na Snoop akauuliza ukumbi kama kweli hawampendi yeye na Dr. Dre. Katika ukumbi wa namna hiyo wakatajwa washindi wa kundi jipya bora: OutKast, vijana wawili wa miaka 20 kutoka Atlanta. Wakazomewa. Hawakuwa na bifu na mtu, hawakumtukana mtu, kosa lao lilikuwa kutoka Georgia. André, mmoja wao, akashika maikrofoni akasema amechoshwa na watu wenye akili iliyofungwa, na kwamba Kusini wana neno la kusema. Kisha wakashuka, wakarudi Atlanta kufanya kazi. Mwaka 2004 kundi lililozomewa lilichukua Grammy ya albamu bora ya mwaka, tena si ya rap peke yake, ya muziki wote.

New York nawapa heshima yao. Hip hop ilizaliwa Bronx, kwenye sherehe ya Kool Herc, kijana mhamiaji kutoka Jamaika, tarehe 11 Agosti 1973. Hilo halina ubishi. Lakini kuzaa mtoto hakukupi haki ya kuwakataa wajukuu. Majarida yalikuwa New York, redio kubwa zilikuwa New York, lebo nazo ama New York ama Los Angeles, kwa hiyo wao ndio walioamua nani anaitwa rapa na nani anaitwa mshamba. Sisi tulioletewa kanda na majarida huku tuliipokea na dharau yao humo humo, tukaifanya yetu. Leo mtu wa Tabata anamwita mtu wa Memphis, mji wa Kusini, mshamba, na hajawahi kukaa chini akasikiliza hata albamu moja ya Memphis.

Hata huo ugomvi wa Mashariki (New York) na Magharibi (California) mnaoupenda hamuujui. Bifu la kwanza kubwa la maeneo lilikuwa ndani ya New York yenyewe, 1986 na 1987, KRS-One wa South Bronx dhidi ya MC Shan wa Queensbridge, wakigombania ni mtaa gani wenye haki ya kusema ulianza. Ice Cube alipotoka N.W.A, kundi la Compton, Los Angeles, mwaka 1990 alipanda ndege kwenda New York kurekodi na maprodyuza wa Public Enemy, kundi la huko. Na 2Pac mnayemweka kwenye bendera ya Magharibi alizaliwa Harlem, New York, akapitia Baltimore, ndipo akafika California akiwa kijana. Watu walikuwa wanaingiliana na kufundishana siku zote. Halafu vijana wawili, 2Pac na Biggie wa New York, wakapigwa risasi, mmoja Las Vegas Septemba 1996 akiwa na miaka 25, mwingine Los Angeles Machi 1997 akiwa na miaka 24, na sisi tunaendelea kushangilia kama Simba na Yanga. Wale walikufa, wakuu. Walikuwa na mama zao.

Sasa niseme ninachokijua kwa mikono yangu.

New York mtu anapanda treni, anatembea kwa miguu, muziki uko masikioni kwenye hedifoni. Wakajenga kulingana na maisha hayo: ngoma kavu, vipande vya jazz na soul vilivyokatwa kwenye santuri za zamani, maneno yamebanana kwa sababu sikio liko karibu. Los Angeles ni mji wa barabara. Dr. Dre mwaka 1992 akachukua funk ya kundi la Parliament, akaweka sauti nyembamba ya sintesaiza juu yake kama filimbi, mwendo wa taratibu, vioo vimeshushwa. Kusini ni joto, ni umbali mrefu, ni magari makubwa ya zamani, na wao wakatunga kwa ajili ya sabufa. Ile mashine ya ngoma ya Roland TR-808 ilitoka 1980 na kiwanda kikaacha kuitengeneza 1983. New York ndio walioanza kuipa jina, kisha wakahamia kwenye mambo mengine. Miami wakabaki nayo, wakaurefusha ule mpigo wa besi mpaka kioo cha gari kinatetemeka. Mteja akija kujaribu sabufa mpya kwangu, nikimpigia ngoma ya New York ya 1994 haisikii kazi yangu. Nampigia ya Houston, anaweka mkono kifuani, anatoa hela.

Houston kulikuwa na mtu anaitwa DJ Screw. Alikuwa anapunguza mwendo wa nyimbo kwenye kanda mpaka sauti inakuwa nzito kama mtu anayeongea kutoka chini ya maji, na humo humo anarudia maneno, anayakata. Alikuwa anauza nyumbani kwake, na foleni ya magari ikawa ndefu kiasi cha polisi kudhani panauzwa dawa za kulevya. Walikuwa wanapanga foleni ya kanda! Alifariki Novemba 2000 akiwa na miaka 29, na leo santuri zake zimehifadhiwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Houston. Chuo kikuu kimeona thamani yake, mtangazaji wetu hajaiona.

New Orleans nako sikilizeni hili. Mwaka 1986 kundi la Queens, New York, liitwalo The Showboys lilitoa wimbo uitwao Drag Rap. Kwao haukufika mbali. New Orleans wakaukamata, wakauchezea, wakaukatakata, ukawa uti wa mgongo wa muziki wao mzima wa bounce, wenye kuitikiana kama kanisani, mmoja anaita na mtaa mzima unajibu. New York walitupa mbegu, Kusini wakaiotesha, halafu mwenye kutupa ndiye anayemcheka mkulima.

Na hili la kwamba hawajui kuchana linanitia uchungu kuliko yote. Geto Boys wa Houston mwaka 1991 walitoa Mind Playing Tricks on Me, wanaume wazima wanakiri kwamba hawalali, wanaogopa, wanahisi wanafuatwa. Wakati huo rap imejaa majigambo! Nani mwingine alikuwa na ujasiri wa kusema moyo wake umechoka? Scarface wa kundi hilo nikimsikiliza mpaka leo nazima mashine ya kuchomelea. Kundi la UGK lilitoka Port Arthur, mji wa viwanda vya mafuta huko Texas, na Bun B wa kundi hilo anapanga vina kwa mahesabu ambayo hao mnaowaabudu wangeyapigia saluti. Lafudhi yao ni ya kwao. Mtu wa Pwani na mtu wa Bara hawatamki sawa, na hatujasema mmoja wao hajui Kiswahili.

Lebo zilipowafungia milango walipakia kanda kwenye buti la gari na kuuza wenyewe. Rapa Master P, mtoto wa New Orleans, alianza na duka la kanda Richmond, California. Cash Money, lebo ya New Orleans, mwaka 1998 walisaini na kampuni kubwa ya Universal kwa dola milioni 30 na umiliki wa kazi zao wakabaki nao. Wangapi kati ya hao wafalme wa New York wa miaka ile walimiliki nyimbo zao?

Kisha tazameni leo. Ile hi-hat, visahani vya ngoma vinavyotetemeka haraka haraka, ile besi inayovutwa, vijana wetu wa Dar na Nairobi wanaitumia kila siku. Hiyo ni trap, mtindo wa rap wa Kusini, ni Atlanta, ni T.I., Jeezy na Gucci Mane. A$AP Rocky wa Harlem alipotokea 2011 alikuja na mwendo wa Houston mdomoni. New York wenyewe wamekwenda kujifunza kwa wale wale waliozomewa, na wewe wa Bongo umebaki getini unalinda nyumba ambayo mwenyewe ameshahama.

Ninachodai si kikubwa. Redio ikitangaza "historia yote", ipige yote, ama ibadilishe jina la kipindi. Na yule dada aliyeomba OutKast aombwe radhi hewani, kama alivyochekwa hewani.

NYONGEZA: Mkuu aliyesema nimewasahau Oakland, Chicago na Detroit, uko sahihi. Rapa Too $hort alikuwa anauza kanda mkononi Oakland kabla dunia haijaisikia Compton, na drill, mtindo mwingine wa rap, ilitoka Chicago, ikaenda London, ndipo ikarudi Brooklyn. Nimeandika nikiwa na hasira ya Kusini. Fungua uzi wa hao, nitakuja.

NYONGEZA 2: Kuna aliyeuliza ugomvi wa Wamarekani unatuhusu nini sisi watu wa Arusha. Ndugu yangu, panda gari uende Imbaseni, si mbali na hapa mjini. Huko ndiko alikokuwa anaishi Geronimo Pratt, na ndiko alikofia tarehe 2 Juni 2011. Alizaliwa Louisiana, akaongoza Black Panther, chama cha kupigania haki za weusi, huko Los Angeles, akafungwa miaka 27 kabla hukumu yake haijafutwa, na alikuwa baba wa ubatizo wa 2Pac, yule mtoto wa Harlem. Kusini, Magharibi na Mashariki vilikuwa ndani ya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa jirani yetu hapa.