Mjadala: Tiba ya vinasaba ya selimundu, tuidai sasa au tuanze na kidonge?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Desemba 2023 Marekani iliruhusu tiba mbili za vinasaba, yaani zinazobadilisha vinasaba vya seli za mgonjwa, kwa wagonjwa wa selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi): Casgevy na Lyfgenia. Ya kwanza inauzwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, ya pili milioni 3.1. Hiyo "nafuu" kwa pesa yetu inapita shilingi bilioni 5. Kule selimundu ni ugonjwa adimu, wagonjwa kama laki moja nchi nzima. Tanzania peke yake wanazaliwa nao watoto wapatao 11,000 kila mwaka. Adimu kwa nani sasa? Msimamo wangu: nchi za Afrika Mashariki zidai bei yao mapema. Kwenye ARV tulisubiri, tukazika sana. Karibuni, ila matusi hapana.

Nesi wa zamu
Mkuu, ARV ni vidonge, Wahindi walivitengeneza bei ikaporomoka. Hii ni habari nyingine kabisa. Mgonjwa anavunwa seli za shina, zile zinazozalisha damu, zinapelekwa maabara kuhaririwa, inachukua miezi. Kisha anapigwa kemotherapi kali ya kusafisha uboho, yaani ute ulio ndani ya mifupa, anarudishiwa seli zake, anakaa wodini wiki kadhaa kinga ikiwa chini kabisa. Hata wakitupa bure, tutaifanyia wapi? Huku mtoto anafika na himoglobini 4, damu iko chini mno, tunawaambia ndugu watafute wachangia damu.

Mama wa Mwanza
Mwanangu ana miaka tisa. Nikienda dirishani kuchukua haidroksiyurea, kidonge chake cha selimundu, naambiwa imeisha, kanunue nje. Na si dawa ya kubahatisha: utafiti wa REACH wa 2019, uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, ulionyesha inapunguza maumivu, kuongezewa damu, malaria na hata vifo. Nipeni kidonge kila mwezi bila kukosa. Hayo ya mabilioni tutaongea baadaye.

Mleta mada
Pole sana mama. Kidonge kiwepo, hapo sibishani na mtu. Lakini nesi, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inapandikiza uboho kwa watoto wa selimundu tangu 2023, na wapo waliosema hatuwezi. Tatizo lake ni kwamba mgonjwa anahitaji ndugu anayelingana naye, na wengi hawana. Hao ndio ninaowasemea. Tena mwaka 2019 taasisi ya afya ya Marekani, NIH, na mfuko wa Gates waliahidi dola milioni 200 kutafuta tiba za vinasaba za bei nafuu kwa selimundu na VVU, zisizohitaji kutoa seli mwilini. Majaribio yakija kwa watoto wetu, bei iandikwe kwenye mkataba kabla wa kwanza hajachomwa sindano.

Nesi wa zamu
Hilo la mkataba nakuunga mkono. Ila nani asaini, kila wizara kivyake au Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) kwa pamoja? Kivyake watatupiga mmoja mmoja.

Mama wa Mwanza
Na mzazi awepo mezani, si maprofesa peke yao.